Mgongo Wangu na Mgongo wa Mkuu

Nilianza kuumwa kiuno nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wanaumwa mapenzi. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya umma iliyoshughulika na mambo ya pamba mjini Mwanza, binti wa Bukoba niliyeitwa na shangazi yangu ili nipate kazi na, kama Mungu angependa, mume. Kazi niliipata upesi. Mume alichelewa, na shangazi alikuwa na hakika kwamba kiuno ndicho kilichomchelewesha.

Maumivu yenyewe yalikuwa na tabia ya ajabu, na tabia hiyo ndiyo iliyoniponza. Asubuhi nilikuwa gogo. Sikuweza kuinuka kitandani kama watu. Ilinibidi nijiviringishe hadi ukingoni, nishushe miguu, nishike ukuta, kisha nisimame nimepinda kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Kuvaa viatu ilikuwa shughuli. Nikishatembea kutoka Igogo hadi ofisini mwili ulianza kulegea, na ikifika saa nne nilikuwa mtu kamili. Nikikaa kwenye mashine mpaka mchana, gogo linarudi. Jioni nikifanya mazoezi ya ngoma na kikundi cha utamaduni cha ofisi, nasahau kabisa kwamba nina kiuno. Nikipumzika Jumapili nzima kama shangazi alivyotaka, Jumatatu ilikuwa siku ya kulia.

Yaani niliumwa nikipumzika na nikapata nafuu nikifanya kazi. Ungedhani kwamba katika nchi iliyokuwa inahimiza kazi usiku na mchana, ugonjwa wa namna hiyo ungepewa nishani. Haikuwa hivyo.

Tena mahali penyewe palikuwa pa aibu. Maumivu hayakuwa mgongoni hasa. Yalikuwa chini zaidi, ndani kabisa ya makalio, safari hii upande wa kulia, safari nyingine upande wa kushoto. Nilipomweleza shangazi alinitazama kana kwamba nimemtukana mchungaji.

"Mwanangu, hospitali utasema mgongo," aliniambia. "Hilo neno lingine huwezi kulitamka mbele ya mwanamume."

Shangazi alikuwa kiongozi wa kina mama kanisani, Mlutheri wa kweli kweli, na kwa hesabu zake mwili wa mwanamke uliishia mabegani na kuanza tena magotini. Hapo katikati palikuwa nchi ya kigeni. Basi nikaenda zahanati nikasema mgongo. Mganga wa zamu hakuniuliza mgongo upande gani, wala unauma saa ngapi. Alinipa vidonge vya aspirini na ED, yaani ruhusa ya kutokwenda kazini, ya wiki nzima, akaniambia nilale chali nisijishughulishe na chochote.

Nililala. Shangazi alifurahi, akanipikia ndizi na kuniletea chakula kitandani, akawazuia majirani wasipige kelele. Wiki ilipokwisha sikuweza kujigeuza bila kushikiliwa. Nilirudi kazini nikiwa na hali mbaya kuliko niliyoondoka nayo, na wenzangu, waliojua nimepumzika wiki nzima, walishangaa mapumziko gani hayo yasiyomnufaisha mtu.

Sasa nieleze habari za Mkuu. Mkuu wetu wa ofisi alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mnene, msafi, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoagiza chai. Alipenda kutuambia kwamba tangu aanze utumishi hajawahi kulala kitandani kwa ugonjwa. Akisema hivyo hujipiga kiunoni kwa kiganja, kama fundi anayejaribu nguzo ya nyumba, halafu hututazama mmoja mmoja kuona kama tumesikia mlio.

Ilikuwa miaka ile ya kilimo cha kufa na kupona, kila ofisi ilikuwa na shamba lake. La kwetu lilikuwa upande wa Mkolani, mahindi na mihogo, na Jumamosi tulipelekwa huko kwa lori tumebanana kwenye mbao. Mkuu alikuja kwa Landrova. Alikuwa akishika jembe, analima mstari mmoja huku mtu wa habari akipiga picha, kisha anarudisha jembe kwa mwenyewe na kuanza kazi yake halisi, ambayo ilikuwa kutembea kati yetu na kutazama nani analima na nani anasimama.

Mimi nilikuwa nasimama. Baada ya kukaa kwenye ubao wa lori njia nzima, nikishuka nilikuwa nimeganda. Ilinibidi nitembee kwanza pembezoni mwa shamba, nijinyooshe, nipinde huku na huku. Jua likipanda kidogo, najiunga na mstari na kulima hadi nawapita wanaume. Kisha soda zikija tunakaa kunywa, nami nashindwa kuinuka.

Mkuu aliyaona yote hayo na kuyapanga kwa namna yake.

"Huu mgongo wako una ratiba, ndugu," aliniambia siku moja mbele ya wote. "Unauma lori likifika, unapona wakati wa kuonekana, unauma tena watu wakirudi kazini."

Watu walicheka. Nikasikia nyuma yangu mtu akisema neno kupe. Siku hizi neno hilo halina uzito, lakini wakati ule kuitwa kupe ofisini ilikuwa karibu sawa na kuitwa mwizi. Nilijua kwamba nisipopata ushahidi, kazi inaondoka. Nikarudi hospitali kubwa na kuomba kupigwa eksirei.

Wakati ule eksirei ilikuwa kitu cha heshima. Mtu akipigwa, mtaa mzima ulijua, na wengine waliamini kwamba mashine ile inaona hadi mawazo. Jioni ya kuamkia siku yenyewe walininywesha mafuta ya nyonyo ili tumbo liwe tupu na mifupa ionekane vizuri, kwa hiyo nilifika nikiwa mwepesi na mwenye hasira. Nililazwa juu ya meza ya baridi, mtu wa mashine akanitaka nisipumue, akajificha nyuma ya ukuta, kitu kikalia, kwisha. Nilipopewa bahasha ya kaki niliikumbatia kama cheti cha ndoa.

Daktari kijana aliitazama picha ile kwenye taa, akaitazama tena, akanipa habari njema kwa uso wa furaha. Pingili zote zimenyooka, nafasi baina yake zote sawa, hakuna hata mkwaruzo. Alisema ningeweza kutumiwa kufundishia wanafunzi jinsi mgongo unavyotakiwa kuwa. Nilimuuliza kama ni hivyo, naumwa nini. Akaniuliza kama nimeolewa. Nilipojibu bado, akaandika kitu kwenye kadi na kutikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu.

Nilipeleka picha ile ofisini mwenyewe, kwa mikono yangu, maana barua ya ruhusa ilinitaka nirudi na majibu. Mkuu aliitoa kwenye bahasha, akaiinua dirishani, akaitazama kwa muda mrefu akiwa amekunja uso. Hakuwa anajua kusoma eksirei zaidi ya nilivyojua mimi kuendesha meli. Lakini maelezo ya daktari yalikuwa yameambatanishwa, nayo alikwisha kuyasoma.

"Mgongo safi," alisema. "Mgongo wa mtoto wa shule."

Hapo mambo yangeweza kuishia kwenye fedheha ya kawaida kama si Sabasaba. Kikundi chetu cha utamaduni kilichaguliwa kucheza uwanjani siku hiyo, na ngoma tuliyoichagua ilikuwa bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma. Mimi Mhaya sikuzaliwa nayo, nilifundishwa na wenzangu wa masijala, na niliipenda kuliko nilivyopenda chakula. Unainama mpaka chini, unazungusha jembe, unalirusha juu na kulidaka, mabega na kiuno vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Tulicheza alasiri, nikiwa nimetembea na kuchangamka tangu asubuhi. Sikuwa na maumivu hata chembe. Nilicheza hadi watu wakaacha viti vyao. Mkuu alikuwa jukwaani na wakubwa wenzake, na mkubwa mmoja, kwa nia njema kabisa, akamuuliza yule binti hodari anatoka ofisi gani.

Wiki iliyofuata niliitwa kwenye kamati.

Walikaa chumba cha mikutano, Mkuu akiwa mwenyekiti, na picha yangu ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha dirisha ili mwanga wa nje upite. Ilikuwa imebandikwa kichwa chini. Nilijua kwa sababu namba yangu ya hospitali ilisomeka kinyume. Sikuwaambia. Mashtaka yangekuwa yaleyale upande wowote. Wajumbe walipita mmoja baada ya mwingine kuukagua uti wa mgongo wangu uliosimama kwa kichwa, wakaguna, wakarudi kukaa, na kila mmoja alikubali kwamba hauna tatizo.

Waliniuliza inakuwaje mtu aliyeshindwa kushika jembe la kulimia alirushe jembe la kuchezea. Nilijaribu kueleza. Nilisema nikikaa ndipo ninapoumia na nikicheza ndipo ninapopata nafuu, na kwamba shambani nako nikishaanza ninalima. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Mjumbe mmoja, mwanamume mpole aliyekuwa akisinzia, alisema naye angependa kupata ugonjwa huo.

Mkuu alisimama kufunga kikao. Alieleza kwamba nchi inajengwa na migongo. Alisema yeye ni mtu mzima kuliko sisi sote, amelima, amebeba magunia ya pamba ujanani, amesafiri barabara mbovu za mkoa huu, na mgongo wake haujawahi kumdai mapumziko. Kisha akatoa ahadi ambayo hakuna aliyemwomba.

"Mwezi huu napimwa afya kwa ajili ya safari," alisema. "Nitawaambia wanipige na mimi picha. Tuiweke hapa pembeni ya hii, mjifunze mgongo wa mfanyakazi unavyofanana."

Wajumbe walipiga makofi. Mimi nilipewa onyo la maandishi. Na kwa kuwa mpiga taipu wa ofisi ile nilikuwa mimi, niliichapa mwenyewe barua ya kunionya, pamoja na nakala zake, na nikamrekebishia Mkuu sentensi mbili alizozikoroga.

Ahadi yake aliitimiza. Alikuwa amepangiwa mafunzo huko Ulaya Mashariki na kila msafiri alipaswa kupimwa macho, kifua na damu. Yeye akaongeza mgongo, kwa kujigamba tu. Habari za siku hiyo tulizipata kwa dereva wake, ambaye alizisimulia vizuri sana na kila mara alipoombwa. Mkuu alipanda ngazi za hospitali akiwa anapiga mluzi. Alishuka ameshikwa bega.

Majibu yaliandikwa Kiingereza cha kidaktari, naye akaniletea niyatie Kiswahili kwa ajili ya jalada lake, maana pale ofisini nilikuwa naaminiwa kwa kamusi ingawa siaminiwi kwa kiuno. Nilifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Pingili za chini zimechakaa. Nafasi baina ya pingili mbili za mwisho imebana karibu kwisha. Kuna vijimiiba vya mifupa vimeota pembeni. Pingili moja imesogea kidogo mbele ya mwenzake.

Mkuu alisimama kando ya meza yangu akifuata kila neno nilipokuwa nachapa. Nilipofika hapo mwisho alishika ukingo wa meza.

"Imesogea inakwenda wapi?" aliniuliza.

Nilimwambia karatasi haikusema.

Tangu siku hiyo mtu yule alikuwa mgonjwa. Sisemi alijifanya; ningesema hivyo ningekuwa namtendea alivyonitendea. Aliumwa kweli, nilimwona akitoka jasho. Lakini Jumatatu mgongo wake ulikuwa haujui kitu, Jumanne ukasoma habari zake kwenye karatasi, Jumatano ukaanza kuuma. Seremala aliitwa kumtengenezea kiti kirefu cha mgongo ulionyooka. Nyumbani aliweka mbao chini ya godoro. Alivaa mkanda mpana wa turubai chini ya shati hadi akawa anakaa mezani kama mzigo uliofungwa kwa safari. Dereva aliamriwa aendeshe polepole, na Landrova ya ofisi ikawa inapitwa na waenda kwa miguu pale barabara ilipokuwa na mashimo, yaani karibu kila mahali. Safari ya Ulaya aliiacha kwa kuhofia kiti cha ndege. Akaenda msaidizi wake, akarudi na koti zito ambalo hapa Mwanza halikumfaa hata siku moja.

Shambani hakuonekana tena. Hakuna kamati iliyokaa kuzungumzia hilo. Picha yake haikubandikwa pembeni ya yangu kama alivyoahidi, lakini aliiweka kwenye droo ya juu, na kila mgeni aliyekuja kuulizia pamba alionyeshwa kwanza ile pingili iliyosogea.

Halafu siku moja akaniita na kuniambia nifunge mlango. Nilidhani ni onyo la pili.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "wewe asubuhi unainukaje?"

Nilimweleza. Hakuelewa. Akataka nimwonyeshe. Basi nikamfundisha: Mkuu wa ofisi ya umma alivua viatu, akapanda juu ya meza ya mikutano, meza ileile waliyokaa kunihukumu, akalala chali na mkanda wake wa turubai. Nikamwambia ajiviringishe ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa kiwiko. Aliinuka mara moja bila taabu yoyote, amenyooka, mwepesi, na akasema amesikia nafuu kubwa. Nilitamani kuinuka hivyo walau asubuhi moja.

"Kumbe unateseka," aliniambia huku akifunga viatu, akiinama bila kugundua kwamba anainama.

Niliona huo ndio wakati wa kumuuliza kuhusu ile barua ya onyo. Alisema hilo ni suala la kamati.

Miezi ikapita. Ikasikika kwamba daktari bingwa wa mifupa anakuja kutoka Dar es Salaam kuona wagonjwa waliochaguliwa, na Mkuu akawa miongoni mwa waliochaguliwa. Alinichukua niende naye nimbebee bahasha ya picha zake. Daktari mwingine alikuwa amemkataza kubeba vitu, naye aliihesabu bahasha kuwa kitu. Tulikaa kwenye benchi la ubao asubuhi nzima, na nilipoitwa nimpeleke ndani nilishindwa kusimama. Nilishika ukuta, nikajivuta, nikaingia nimepinda nyuma ya mtu aliyekuja kutibiwa mgongo akitembea wima.

Daktari bingwa alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akayainua.

"Mgonjwa ni nani kati yenu?" aliuliza.

Mkuu alisema ni yeye na akaanza kueleza habari za pingili. Yule mama alimsikiliza, akaziweka picha zake kwenye taa, akamwinamisha, akamnyoosha, akamgonga magoti kwa kinyundo. Akamuuliza maumivu yalianza lini. Mkuu alitaja mwezi.

"Na picha ulipiga lini?"

Akataja mwezi uleule.

"Kabla ya picha ulikuwa unaumwa?"

Mkuu alifikiri kwa uaminifu wote, nampa haki yake. Alisema hapana.

"Basi mzee, umeumizwa na picha," yule mama alisema. Akamweleza, bila dhihaka, kwamba uchakavu ule ni kama mvi. Watu wengi wa umri wake wanao na wanalima nao, hawajui tu kwa sababu hawajapigwa eksirei. Alimwambia avue mkanda, atembee kila siku, achome moto zile mbao za chini ya godoro. Sijawahi kumwona mtu aliyeambiwa ni mzima akavunjika moyo namna ile.

Kisha yule mama akanigeukia mimi na kuniuliza, kama anayeulizia samaki sokoni, "Na wewe binti, ni mgongo au ni makalio?"

Nilimtazama Mkuu, nikatazama sakafu, nikasema ni makalio. Akauliza kama yanabadilishana upande. Akauliza kama alfajiri yananiamsha hadi nitoke kitandani nitembee. Akauliza kama ED na kulala vilinizidishia. Akauliza kama jicho langu liliwahi kuwa jekundu na kuuma kiasi cha kushindwa kuvumilia mwanga. Nikamwambia ndiyo, na kwamba shangazi aliliosha kwa chai ya rangi. Kila alichouliza kilikuwa changu. Alinilaza ubavu, akakandamiza nyonga kwa mikono miwili kama anayefunga sanduku lililojaa nguo kupita kiasi, nami nikapiga kelele iliyomfanya Mkuu asimame, tena haraka.

Aliniandikia picha nyingine, safari hii ya nyonga. Siku hiyohiyo alinionyesha. Ile ya kwanza, alisema, ilipigwa mgongo na ikasomwa mgongo. Pale chini, mgongo unapokaa juu ya mifupa ya nyonga, kuna viungo viwili, kulia na kushoto, na vilikuwa vimekatwa na ukingo wa picha. Hapa vilionekana. Kingo zake hazikuwa na mstari safi. Zilikuwa kama mkate uliotafunwa na panya, na pembeni yake mfupa umekuwa mweupe kupita kawaida.

Nilimwambia nashukuru kwamba sasa kuna ushahidi.

"Hata kusingekuwa na kitu hapa ungekuwa unaumwa," alinijibu. "Ugonjwa huu unatangulia, picha inakuja nyuma miaka mingi. Waliokutazama walitakiwa kukuuliza kwanza."

Aliniandikia vidonge vya indometasini, akaniambia nisikae muda mrefu bila kuinuka, nilale godoro gumu, niogelee nikiweza. Akauliza mazoezi gani ninayafanya. Nikasema bugobogobo. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema niendelee, na nisiache hata kama nimeolewa, nimezaa na nimezeeka. Mkuu alikuwepo, alisikia kila neno.

Ndani ya Landrova Mkuu alishikilia mkanda wake mpaka tulipokaribia ofisini. Ndipo akasema yule mama hajui kazi yake. Mwezi uliofuata alikuwa amepata daktari mwingine, mtu mwenye adabu, aliyemwongezea mkanda wa pili.

Mimi nilirudi na maelezo ya daktari nikidhani mambo yatanyooka. Niliomba kitu kidogo: Jumamosi niruhusiwe kusimama njiani kwenye lori, au nianze kulima baada ya kujinyoosha, na nifidie jioni wengine wakiondoka. Kamati ilijadili ombi langu kwa kirefu. Walijibu kwamba wanasikitika kwa ugonjwa wangu, ila kumruhusu mfanyakazi mmoja aanze kazi saa tofauti na wenzake kutaleta matabaka. Wakati huo Mkuu alikuwa amejipumzisha kwenye kiti chake kirefu chumba cha pili. Barua ya onyo ilibaki kwenye jalada. Nilipohamishwa miaka kadhaa baadaye ilihama pamoja nami, na mkuu wangu mpya aliisoma kabla hajaniona.

Vidonge vilinisaidia kiuno na kuniunguza tumbo. Shangazi alikubali godoro gumu, lakini ngoma ya kuandikiwa na daktari hakuimeza. Aliwaambia kina mama wa kanisani kwamba naenda mazoezini, nao wakamwelewa kwamba naenda kwaya. Kuogelea nilijaribu upande wa Nyegezi, asubuhi na mapema, mbele ya wanawake waliokuja kuchota maji na kufua. Walinitazama kwa huruma, mwanamke mzima anachezea maji kama bata. Mwili ulilainika kweli. Baada ya muda nikaanza kukojoa damu, ilikuwa kichocho. Daktari wa kichocho alinigombeza, akaniuliza ni nani huyo mjinga aliyeniambia niingie ziwani. Nilisema ni bingwa kutoka Dar es Salaam. Akasema huko wana bahari.

Niliacha ziwa nikashika milima. Hadi leo napanda njia za mawe kila siku kabla ya chai, na kiuno kimekuwa kigumu lakini kimetulia, kama watu wawili waliogombana hadi wakachoka. Mkuu alistaafu na heshima zake zote, akajenga Ilemela juu kabisa, mahali ambapo gari halifiki. Nilimtembelea mara moja. Alinipokea chini barabarani na mkongojo, akanitangulia kupanda kati ya majabali akiwa ameubana kwapani ili usimcheleweshe, na tulipofika juu mimi ndiye niliyekuwa nahema. Aliniambia kwamba hali yake ni mbaya sana. Aliishi hadi uzee mrefu, na hakuna siku aliyokosa maumivu.

Ugonjwa wangu umepanda polepole, sasa uko shingoni. Sigeuzi kichwa, nikiitwa kutoka pembeni nageuka mwili mzima, kama kabati. Hapa Nyegezi ninapoishi majirani wapya wanasema yule mama anaringa, anakusalimia kwa kukugeukia kama mgeni rasmi. Nilikuwa nawaeleza. Nimeacha. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu mifupa hii inanipatia heshima, na sioni kwa nini niikatae.